Mfuko wa Ami Habib

Jumatatu, 17 Machi 2025

Futari: mihogo ya nazi, tambi, maharage. Ami Habib kaniuliza mbele ya wote muhula huu nasomea nini hasa. Nikamwambia uuguzi wa mfumo wa chakula, kuanzia koo mpaka mwisho. Akauliza mwisho upi. Shaima akacheka mpaka tambi zikampalia.

Ami hakucheka. Kasema nimekaa wodini miaka yote hii, nimepata na cheo, halafu narudi chuo kusomea choo. Bi Hamdiya, mkewe, akamwambia tunakula. Akasema ndiyo maana anashangaa, watu wanakula na mimi nataja mwisho.

Sikukasirika. Baba yangu alikuwa kaka yake. Baba alipofariki, Ami ndiye aliyenichukua, nikalelewa pamoja na wanawe, Shaima na Abdulatif. Mapazia anayajua, ndiyo biashara yake — hakuna kitambaa kinachoingia Kariakoo asichokijua jina. Tumbo halijui. Nina wagonjwa wengi kama yeye.

Jumamosi, 22 Machi

Zoezi la Mwalimu Rogath: kila mwanafunzi avae mfuko siku nzima. Mfuko wa choo, ule anaobandikwa mgonjwa tumboni akishatolewa utumbo nje. Wetu umetiwa uji wa ulezi. Hataki ripoti, anataka tuishi nao tu.

Nikauvaa, baibui juu, nikashuka kununua tende Mtaa wa Kongo. Jumamosi ya Ramadhani, pa kukanyaga hakuna. Nilitembea mkono uko tumboni kama mjamzito. Kila aliyenisogelea nikamwona adui. Mwenye mkokoteni kasema "pisha dada," nikaruka kama nimeona nyoka.

Adhuhuri nikaswali. Kwenye sijda ukabonyea, nikadhani umepasuka. Sikumbuki nilisoma sura gani.

Siwema, mwenzangu wa darasani, wake ulivuja kwenye kiti cha bajaji. Kanipigia simu anacheka. Halafu akasema: na huu ni uji tu.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika hospitali, kwenye benchi. Hakuna la kufanya zaidi ya kungoja, basi niandike.

Asubuhi nilikuwa Magomeni, kwa Mzee Mwinyimvua. Ni fundi cherehani, anaishi na mfuko miaka mingi tangu alipotolewa uvimbe, na wake ni wa maisha. Chuo kinatutuma kuwatembelea watu kama yeye kujifunza wanavyoishi. Anakata tundu la mfuko kwa mkasi wake wa kazi, duara safi, wala hapimi. Nimemsifu. Kasema kola za shati ni ngumu zaidi.

Mvua haikukatika. Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa, nikazungukia Kinondoni na Upanga mpaka Kariakoo. Nafika nyumbani, Bi Hamdiya yuko mlangoni, ananivuta mkono. Ami hajapata choo tangu juzi, na hewa haitoki. Kanywa sanamaki ya kufungua choo mara mbili, kanywa tangawizi na ndimu. Ami mwenyewe alimkataza kuniambia.

Nikamfunua. Tumbo limevimba, limeegemea upande mmoja, ngozi inang'aa. Nikagonga kwa kidole — linalia kama ngoma.

"Ni gesi," kasema.

"Siyo gesi tu, Ami. Tunaenda hospitali."

Kasema ana mteja wa hoteli anayemngoja akapime madirisha. Halafu maumivu yakamshika, akanishika mkono, hakumtaja tena mteja.

Lifti ya jengo mbovu. Tumemshusha ngazi zote kwenye kiti cha kulia chakula. Abdulatif mbele, wauzaji wawili wa dukani nyuma. Watu wa ghorofa za chini walitoka kutazama. Ami alijifunika uso kwa kilemba.

Alhamisi, 17 Aprili

Amepasuliwa, yuko hai, alhamdulillahi.

Utumbo mpana ulijisokota kama nguo inayokamuliwa. Damu ikakatika, kipande kikafa. Wamekikata. Ncha iliyobaki wameitoa nje, ubavu wa kushoto. Kolostomi. Kwa hali yake inaweza kurudishwa ndani baadaye, baada ya miezi kadhaa, akishapata nguvu.

Kabla ya kuingia daktari alimweleza yote, mfuko pia aliutaja. Ami alikuwa anagugumia, akasema fanyeni, fanyeni, akatia sahihi yake ikaenda upogo. Daktari hakuridhika. Akamgeukia Bi Hamdiya. Bi Hamdiya akanigeukia mimi.

"Nawal, unasemaje mwanangu?"

Nikasema wafanye, wasisubiri. Nilisema kama nesi, sauti kavu. Walipomsukuma kuingia ndani nikaenda chooni, nikafunga mlango.

Shaima anaolewa tarehe 30 Mei. Leo hakuna aliyeitaja harusi.

Jumamosi, 19 Aprili

Ameamka sawasawa. Muuguzi alifunua shuka kuangalia kidonda, Ami akaona. Akageuza uso ukutani.

Baadaye akauliza, bado anatazama ukuta: "Nani alikubali?"

Bi Hamdiya akaanza kutafuta kitu kwenye kapu. Nikasema: "Wewe ulitia sahihi, Ami. Na mimi waliniuliza, nikakubali."

"Ulijua watanitoboa hapa?"

"Nilijua."

"Ungeniacha."

Bi Hamdiya kamwambia astaghfiru. Akastaghfiru. Lakini hakuniangalia tena mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Jumanne, 22 Aprili

Siwema, anayefanya mazoezi wodi hiyo, ndiye anayemhudumia. Ami kaukataa mkono wangu. Kamwambia muuguzi wa zamu mimi ni kama binti yake, ni aibu. Ni kweli pia, sibishi.

Nimekaa kwenye korido nikimsikiliza Siwema. Ncha ikiwa nyekundu ni nzuri, baba, kama ndani ya mdomo wako. Ikigeuka nyeusi, hapo utuite. Haiumi ukiigusa, jaribu. Hakujaribu.

Swali moja tu limenifikia, kupitia kwa Bi Hamdiya: hewa itakuwa inatoka yenyewe, bila yeye kujua? Nikamjibu kupitia kwa Bi Hamdiya. Ndiyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Amerudi nyumbani. Lifti bado mbovu. Safari hii alipanda kwa miguu, anapumzika kila ghorofa, hataki kushikwa.

Chumba chake sasa kina moshi kama jikoni. Bi Hamdiya anafukiza udi asubuhi, mchana, magharibi. Nimemwambia mfuko ukibandikwa vizuri haunuki. Anaitikia, anaongeza udi.

Kubadilisha mfuko nimemfundisha yeye. Anajua sasa: anaosha kwa maji ya uvuguvugu, anakausha, anakata tundu, anabandika. Ami analala chali, taulo usoni. Mimi nasimama nje ya mlango, naelekeza kwa mdomo. Tunafanya hivyo watu watatu, kila mmoja anajifanya mwenzake hayupo.

Jumapili, 4 Mei

Kikao cha familia. Abdulatif kauliza mambo ya nikaha yakoje. Ami kasema ni rahisi: yeye anampa Abdulatif uwakala, Abdulatif atamwozesha dada yake. Sheria inaruhusu.

Shaima akaweka chini sinia la chai, akatoka. Nikamfuata jikoni. Kasema hataki kuozeshwa na kaka yake, na baba yake yuko chumbani, mzima, anasikia adhana. Kama angekuwa hajiwezi, sawa. Anajiweza. Kasema nimwambie.

"Na mimi hasemi," nikamwambia.

"Kwa hiyo ni nani wa kumwambia sasa? Wewe ndiye uliyesomea."

Nimeosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Upande wa bwana harusi wameanza kuuliza. Taimur mwenyewe kijana mstaarabu, kasema baba apone tu, haraka hakuna. Mama yake kapiga simu mara mbili kuuliza ni ugonjwa gani huo usiotajwa jina.

Ijumaa, 9 Mei

Mwalimu Rogath kagawa kazi ya muhula. Kila mmoja amfuatilie mgonjwa mmoja mwenye kolostomi, kuanzia wodini mpaka nyumbani. Baada ya kipindi kaniita pembeni. Habari za ami yangu anazo, Siwema kamwambia. Kasema ninaye mgonjwa ambaye wenzangu hawawezi kumpata: namwona kila siku, mezani, kitandani, kwenye mswala. Akinikubalia tu, kwa hiari yake.

Njia nzima nimewaza. Kazi ingekuwa nzuri, najua. Jioni nikaingia chumbani, nikakaa kwenye kile kiti tulichomshushia, nikamwomba waziwazi. Jina lake halitatajwa. Akikataa imekwisha.

Mara ya kwanza tangu hospitali akanitazama machoni.

"Nimekuwa somo lako, Nawal?"

"Nimeomba tu, Ami."

"Sitaki."

"Sawa."

Nikainuka. Akasema subiri. Nikasubiri. Akaanza kuongea akitazama dirisha, pazia la kijivu alilolishona mwenyewe.

Kasema hakatai kwa kiburi. Usiku anausikia mfuko unajaa hewa, unapanda chini ya shuka kama kitu kilicho hai. Juzi Taimur alipokuja kumjulia hali, ulinguruma wakati kijana anasoma dua. Kijana hakuinua kichwa. Ami kasema angeinua angalau, yeye angejua kijana amesikia. Sasa hajui. Sasa fikiria mbele ya sheikh, jamaa wote wamekaa kimya, amemshika kijana mkono, anafungua mdomo kusema nimekuoza binti yangu — na tumbo linajibu kabla ya bwana harusi.

Nilikaribia kucheka. Naona na yeye. Hakuna aliyecheka.

Nikamwambia ukweli kama nilivyofundishwa: sauti hatuwezi kuizuia kabisa. Tunaweza kuipunguza. Maharage, kabichi, mayai, soda, aviache siku chache kabla. Asile upesi, asiongee na chakula mdomoni. Ikianza, aweke mkono juu, akandamize taratibu. Lakini siwezi kumwahidi kwamba haitatoka.

"Wote wangeniahidi," kasema.

Hilo sijui kama ni sifa au lawama. Kazi ya muhula nitamfuatilia mgonjwa wa Siwema wa wodi ya pili, amekubali.

Jumatano, 14 Mei

Mzee Mwinyimvua alikuja. Nilimwomba yeye kwanza, halafu nikamwomba Ami. Ami kasema aje, ila hataki darasa. Mzee alipoambiwa hivyo kasema hata yeye darasa alikimbia.

Kapanda ngazi zote hizo na umri wake. Shikamoo zetu kaziitikia zote, kaingia chumbani, kafunga mlango. Bi Hamdiya kasimama na kahawa mkononi hajui abishe hodi au vipi. Kahawa ikapoa. Tukasikia wanaongea chinichini. Halafu kicheko — cha Ami. Bi Hamdiya akakaa chini palepale kwenye korido, na sinia lake.

Wakati wa kuondoka nikamsindikiza mpaka chini. Nikamuuliza wameongea nini. Kasema mengine ni ya wanaume. Moja ataniambia: Ami kamuuliza kama anaingia msikitini. Kamjibu anaingia kila siku, safu ya kwanza, tena yeye ndiye anayeadhini alfajiri muadhini akiumwa. Alimuuliza imamu wake mwanzoni kabisa, akaambiwa mwenye udhuru anatia udhu kila wakati wa sala ukiingia, anaswali, amekwisha.

"Mimi nimemwambia ya kwangu," kasema. "Amuulize wa kwake."

Alhamisi, 22 Mei

Ami kampigia simu sheikh wa msikiti wetu. Kaongea naye muda mrefu, mlango wazi, kwa hiyo alitaka tusikie. Jibu ni lilelile la Magomeni. Sheikh kaongeza kwamba anamngoja, nafasi yake haijakaliwa.

Leo kaenda kuswali Alasiri. Karudi, kakaa barazani pale kwenye ngazi, kavua viatu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kasema kwenye sijda unabonyea.

"Najua," nikamwambia.

Akaniangalia, unajuaje? Nikamsimulia siku ya uji wa ulezi. Mtaa wa Kongo, mwenye mkokoteni, tende. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema: "Ulikuwa umevaa, unafuturu na mimi pale mezani?"

"Ndiyo, Ami."

Akaomba maji.

Mfuko bado anabadilishiwa. Bado taulo usoni. Nimejaribu kumwambia ajifunze, Bi Hamdiya hatakuwa naye kila mahali. Kasema kila kitu na siku yake.

Jumatano, 28 Mei

Amekubali. Atamwozesha mwenyewe. Sharti: Abdulatif akae nyuma yake tayari, na uwakala keshaupokea mbele ya mashahidi, ikitokea lolote aendelee yeye. Shaima alimbusu mkono, akaenda kwa mafundi wa hina akilia, wakamtuliza kwanza ndipo wakamchora.

Mimi nina mtihani wa vitendo Jumatatu. Nimefungua daftari, sijasoma hata mstari.

Ijumaa, 30 Mei

Naandika hapa kwenye stuli nje ya bafu. Sina kazi nyingine ya kuipa mikono.

Kila kitu kilikwenda vizuri tangu asubuhi. Wali mweupe, samaki, maji kidogo kidogo. Mfuko Bi Hamdiya kaubandika jana jioni, mpya, nimeukagua kwa macho ya mtihani, umeshika. Ijumaa kaswali msikitini. Karudi kupumzika, kaoga, kavaa kanzu nyeupe na joho, kilemba kakifunga mwenyewe mbele ya kioo. Wanaume wakatangulia na Abdulatif. Nikaha ni msikitini, baada ya Alasiri. Gari likabaki chini linamsubiri.

Kafika mlangoni. Mkono uko kwenye kitasa. Akasimama.

Nikaona anavyoshusha macho. Ubavuni, kwenye kanzu, doa dogo, linakua.

Bi Hamdiya kasema ya Rabi. Basi tu. Mimi nikawa nimeshachukua kisanduku cha vifaa, naelekea bafuni kama tulivyozoea: yeye alale, taulo, Bi Hamdiya, mimi mlangoni. Ami akanyoosha mkono.

"Nipe."

Sikuelewa. Akakichukua mwenyewe mkononi mwangu.

Bi Hamdiya kasema anaingia naye. Kasema asiingie mtu. Akamwambia alete kanzu nyingine, aitundike kwenye kitasa nje. Akaingia. Nikasikia komeo.

Hajawahi kuugusa. Hata mara moja, tangu Aprili. Hata kuutazama, nadhani.

Maji yakafunguliwa. Yakafungwa. Sauti ya plastiki. Halafu sauti yake, karibu na mlango:

"Nawal."

"Naam, Ami."

"Tundu linakatwa ukubwa gani?"

"Pima na hiyo ncha yenyewe. Acha nafasi ndogo sana pembeni, ngozi isionekane."

Nikasikia mkasi.

"Limetoka upogo."

"Haidhuru. Likizunguka vizuri inatosha. Kausha ngozi kwanza, ikauke kabisa."

"Nimekausha."

"Kausha tena."

Adhana ya Alasiri imekwisha zamani, sala pia. Dereva anapiga honi chini. Abdulatif kapiga simu: sheikh kashakaa, Taimur kashakaa, watu wanatazama mlango. Anauliza aanze yeye? Bi Hamdiya ana kanzu ya pili mikononi, kasahau kuitundika. Ananitazama mimi, kama siku ile hospitali. Ananiuliza tena bila kusema.

Nikaisogeza simu kwenye mlango, nikasema: "Ami, ni Abdulatif. Anauliza aanze?"

Nikasikia karatasi ya gundi ikibanduliwa.

"Mwambie akae pale alipokaa."

Nimemwambia. Abdulatif kasema sheikh anauliza dakika ngapi. Nikasema sijui. Nikakata.

"Nimeubandika," kasema Ami.

"Sasa weka kiganja juu yake. Mkono mzima, Ami, siyo vidole. Ukandamize utulie hapo hapo, upate joto, ndipo gundi ishike. Usiondoe haraka."

Honi tena. Bi Hamdiya ameegemea ukuta, macho amefumba, midomo inacheza. Chini ya mlango naiona miguu ya Ami, imesimama kwenye maji, haisogei.